Viatu vya soli nyembamba kwenye skeitibodi: kisigino kimenipa notisi

MguuMpana (Nairobi)
Wadau, habari za jioni. Huu ni mwaka wa pili navaa viatu vya soli nyembamba, milimita 4, nyuma na mbele kimo kimoja, na mbele vipana vidole vikajitanua. Nilivianza kwa sababu ya kidole kidogo kubanwa. Siku hizi kiatu cha kawaida nakiona kama jela.

Sasa, miezi mitatu iliyopita rafiki alinipeleka uwanja wa skeiti wa Shangilia pale Kangemi, nikashikwa na ugonjwa wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu. (Mama nikimwambia naenda kuskeiti, anauliza sketi ya nani.) Kwa viatu hivi bodi naisikia mpaka vichwa vya skrubu. Kuteleza na kupinda ni raha tupu. Lakini Jumamosi niliruka ngazi tatu, bodi ikanikimbia, nikatua kisigino cha kulia juu ya simiti. Siku ya nne hii natembelea vidole. Tena kiatu cha kushoto, ubavuni karibu na kidole kidogo, msasa uliobandikwa juu ya bodi umekula kitambaa hadi soksi inachungulia. Niendelee navyo au nitafute vya skeiti?

SimitiHainaHuruma
Pole kaka. Milimita 4 ni kuruka pekupeku, tofauti ni bei tu. Nunua soli nene, tufunge uzi.

PekuPeku
Taratibu bwana. Wale wa California miaka ya 1960 wengi walikuwa wanateleza pekupeku, kama wako juu ya mawimbi. Mguu ukizoea unakomaa.

MzeeWaMsasa (Kampala)
Peku mdogo wangu, hao walikuwa wanateleza, hawakuwa wanaruka. Oli, yaani kuruka na bodi bila kuishika kwa mkono, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, Alan Gelfand kule Florida, kwenye kuta zilizopinda. Rodney Mullen akaishusha kwenye ardhi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980. Toka hapo kiatu kikawa chombo cha kazi: mguu wa nyuma unagonga mkia wa bodi, wa mbele unakokota ubavu wake juu ya msasa, bodi inapanda. Ndiyo maana cha MguuMpana kimetoboka pale pale na si kwingine. Kitambaa hakina ubavu wa kazi hiyo, tafuta ngozi ya suedi.

Soli nazo ni za aina mbili. Kuna ya mpira uliopikwa pamoja na kiatu, kama kampuni ya viatu ya Vans walivyozoeleka tangu 1966: inapindika, bodi unaisikia. Na kuna iliyofinyangwa kama bakuli, kiatu kikakalishwa ndani kikashonwa pembeni: ngumu kidogo, lakini ngazi inazimeza. Wewe uliyezoea wembamba chukua ya kwanza, toa kitandiko chake cha ndani, weka cha povu zito. Usipande namba kutafuta upana, mguu utacheza ndani na oli itakushinda. Jaribu ukiwa na soksi zako za kuskeiti. Sisi wa uwanja wa Kitintale huku Kampala wengi tulianza na chochote kilichokuwa mguuni, lakini hatukuanza na ngazi.

NesiWaZamu
Mnajadili soli na mtu hakanyagi siku ya nne! Mwanangu, chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta, ukipondeka unauma hasa, lakini mfupa nao hupasuka kwa kutua hivyo. Kapige eksrei kesho. Bodi iweke uvunguni.

PekuPeku
Ngazi nakubali. Kuteleza barabarani sivui msimamo wangu.

MzeeWaMsasa
Hapo hatugombani. Na akirudi kuruka, akiona bodi imemkimbia atue kwa mbele ya nyayo, magoti yakunjwe. Kisigino kisifike cha kwanza.

MguuMpana
Mrejesho. Eksrei iko safi, nimepondeka tu, daktari kasema wiki tatu bila kuruka. Asante Nesi, nilikuwa nasubiri kipone chenyewe.

Leo nimechechemea hadi soko la mitumba la Toi, nimepata za suedi, soli ya kupikwa, shilingi 1,200 baada ya kubembelezana sana. Kubana zinabana kidogo, nadhani zitaachia. Cha kuchekesha, cha kulia kimelika ubavuni vibaya, cha kushoto kama kimetoka dukani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa anatanguliza mguu wa kulia. Mimi natanguliza wa kushoto.

SimitiHainaHuruma
Umeuziwa kiatu kimoja kipya kwa bei ya viwili vikuukuu. Toi wanajua?