Picha zangu zinapauka na kuwa nyekundu, nikipiga spreyi ya klia juu itasaidia au natupa pesa?

MwanaHurumzi
Asalaam aleikum wana jamvi. Nna kiduka cha zawadi hapa Mji Mkongwe, nauza picha za milango, majahazi, karafuu zikianikwa, Forodhani usiku, nazipiga mwenyewe na kuziprinti mwenyewe. Printa ni Epson L805 ya matangi, karatasi ni zile za glosi, za kung'aa, nanunua Darajani. Zikitoka wallahi mgeni lazima asimame. Tabu yake sasa, zile nnazotundika nje barazani hazikai, buluu ya bahari inakufa yote picha inaenda kwenye wekundu, na kinachonishangaza khasa hata zilizo ndani ambazo jua haliziguzi nazo zinafata njia hiyo hiyo ila polepole. Halafu mtu akishika na mkono wa jasho tu wino unahama. Nimeambiwa nipige klia juu, ile rangi angavu ya kufunika, yatakwisha yote, lakini klia gani? Kuna ya gari, kuna vanishi ya mbao, kuna na mikebe ya spreyi ya picha ambayo bei yake inauma. Au nitie laminesheni tu nipumzike? Nataka nijue kabla wageni wa Juni hawajaanza kuingia.

Ami_Mzalendo
Waaleikum salaam. Yakhe unajisumbua bure, nenda Mwanakwerekwe kwa mafundi wa rangi za gari wakupigie na kompresa, inang'aa kama kioo na bei ya kiswahili.

Tabibu wa Printa
Ami usimponze mwenzio. Klia ya gari ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu, ina kemikali ya isosayaneti, ukiivuta inaweza kukuachia pumu ya maisha na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, wenyewe wanaojua huvaa vifaa vya kuletewa hewa safi. Tena inakauka ngumu, mgeni akiikunja picha aitie kwenye bomba la safari inapasuka vipande. Vanishi ya mbao usiiguse kabisa, inageuka manjano na weupe wa karatasi unakuwa rangi ya chai.

Sasa @MwanaHurumzi nikujibu la wekundu. L805 inatumia wino wa dai, yaani rangi imeyeyuka ndani ya maji ya wino, sio wa pigimenti ambao ni chembe ngumu zinazokaa juu ya karatasi. Na karatasi ya glosi inayokauka papo hapo ina vitundu vidogo vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ndio maana inakunywa wino haraka. Lakini vitundu hivyo hivyo vinaingiza hewa, na kwenye hewa mna gesi ya ozoni, ozoni inakula rangi ya dai hata gizani. Mara nyingi sayani, ile buluu ya printa, ndio inatangulia kufa, ikiondoka hiyo unabakiwa na majenta, ile ya waridi iliyokoza, na njano, basi picha inakuwa nyekundu au ya chungwa. Mwaka 2000 watu walionunua Epson Stylus Photo 870 na 1270 walilalamika sana kwa jambo hili hili, picha ziligeuka chungwa zikiwa sebuleni, na ilikuja kujulikana ni ozoni na karatasi. Kwa hiyo la ndani ya duka ni upepo unaopita na feni juu ya picha zisizofunikwa, na la barazani ni hilo hilo ukaongeza jua.

Klia inasaidia kwa sababu inaziba vile vitundu. Madhara ya jua inayapunguza kidogo ikiwa ina dawa ya kuzuia UV, ile miale ya jua inayopausha rangi. Lakini haiigeuzi dai kuwa pigimenti, hilo liweke akilini kabla hujatoa pesa. Wino wako ni wa asili wa Epson au wa chupa za mtaani?

MwanaHurumzi
Wa mtaani kaka, lita nzima kwa bei ya chupa moja ya asili 😅

Tabibu wa Printa
Basi anza hapo. Wino wa mtaani mwingi unapauka mapema kuliko wa asili, na hakuna spreyi itakayokuficha na hilo. Hamia wino wa asili kwa ajili ya zile za kuuza, za kutundika barazani kama sampuli usizisikitikie, zenyewe ni za kufa tu.

Ami_Mzalendo
Mie picha za harusi ya mdogo wangu tulizipiga klia ya gari na mpaka leo ziko ukutani.

bint_Shangani
Ziko ndani ya fremu na kioo Ami, nimeziona 😂

Mkaazi wa Chake
Salaam kutoka Pemba. Nimesoma yote lakini hakuna aliyetaja hali ya hewa na kwetu visiwani hiyo ndio inaharibu kazi. Sasa hivi ni masika, ukipiga spreyi asubuhi karatasi imejaa unyevu au mvua iko njiani, thina inavyoruka inapoza uso wa picha, maji ya hewani yanaganda pale pale, unaona picha imeingia ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Nyeusi ndio inaonesha zaidi. Wengi wanadhani mkebe mbovu. Subiri siku kavu, saa nne asubuhi kwenda mbele, chumba chenye hewa lakini sio upepo wa kupeperusha vumbi, na picha na mkebe vyote viwe vimekaa chumba hicho hicho. Ukungu ukishatokea usifute kwa kitambaa, siku ikikauka piga mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwembamba juu yake, mara nyingi unayeyusha ule wa chini na ukungu unaondoka.

La pili, usipige picha ikiwa imetoka printani sasa hivi. Wino una vimiminika vya glikoli vinavyokauka polepole, ukigusa unaona pakavu lakini ndani bado. Iache masaa 24, kwetu huku mie naipa zaidi, juu yake unaweka karatasi ya kawaida inyonye, unaibadilisha. Ukiifungia kabla, iwe kwa klia au kwa kioo cha fremu, unapata ukungu wa mafuta kwa ndani na huwezi kuutoa tena.

MwanaHurumzi
Ahsante sana Mkaazi. Na namna yenyewe ya kupiga? Nilijaribu kwenye moja, ikafanya matone na maandishi ya chini yakasambaa.

Mkaazi wa Chake
Ilikuwa karibu mno na mkono wa kwanza ulikuwa mzito. Dai inataka huo mkono wa kwanza uwe vumbi tu, hata ukitizama uone kama hujapiga kitu. Laza picha au iegemeze kwenye ubao, tikisa mkebe dakika mbili mpaka ile gololi ya ndani iwe huru, kaa sentimita 25 mpaka 30. Anza kubonyeza nje ya picha, pita moja kwa moja bila kusimama, acha kitufe ukishavuka ukingo wa upande wa pili, mstari unaofata ufunike nusu ya uliopita. Subiri ikauke, geuza picha robo, mkono wa pili upite kukata ule wa kwanza. Mikono mitatu myembamba inatosha. Pande zote za ukingo zipate, maana hewa inaingilia huko pia. Na uvae barakoa ya mvuke yenye vichujio.

bint_Shangani
Nna swali la pembeni, mie naprinti kwenye kanvasi na karatasi ya mati, isiyong'aa, kwa pigimenti, klia ya maji ya kupaka kwa rola inafaa?

Tabibu wa Printa
Kwa pigimenti kwenye kanvasi inafaa, iache ikauke kwanza. Kwa dai usithubutu, maji yataikimbiza rangi. Na kwenye mati utaona klia inazamisha nyeusi, inakuwa nzito na nzuri zaidi, ila ule utulivu wa mati unapungua, hiyo ni ladha ya mtu. Kwenye glosi pigimenti ina shida yake nyengine ya kung'aa vipande vipande, sehemu yenye wino tofauti na nyeupe, na mkwaruzo wa kucha. Ndio maana Epson kama R1800 na R2000 zilikuja na tangi la klia ndani ya printa yenyewe, na Canon PRO-1000 nayo ina lake.

@MwanaHurumzi la laminesheni: ya moto ile ya vitambulisho itashika unyevu ndani na kufanya viputo, tena mgeni anaiona ni kitambulisho kikubwa. Ya filamu ya baridi, ya kubandika bila moto, ni afadhali kwa sampuli za barazani. Za kuuza na fremu, hakikisha kuna maunti ya kadi kati ya picha na kioo, kwenye unyevu wetu picha ikigusa kioo inaganda na huibandui.

MwanaHurumzi
Sawa kabisa. Nna dada Dubai anarudi mwezi ujao, nimwambie anibebee mikebe kumi kwenye begi?

Mkaazi wa Chake
Aka! Spreyi ya rangi na klia haipandi kwenye begi la abiria, inawaka, watamtolea uwanjani. Agiza Dar kwa wauza vifaa vya uchoraji, uliza akriliki ya picha isiyogeuka manjano, na umuulize mwenye boti kabla hujapakia. Usinunue mingi, chukua mmoja. Kata picha moja vipande vitatu, kimoja piga klia, kimoja acha kitupu, vyote viwili vitundike barazani pamoja, cha tatu kifungie droo ndani ya bahasha. Ukivilinganisha utajua kama bei yake inakurudia.

bint_Shangani
Na ukimaliza kupiga geuza mkebe kichwa chini ubonyeze mpaka itoke hewa tupu, kitufe ukifute, la sivyo safari ya pili imeziba na inakutemea matone juu ya picha ya kwanza.