Tangi la lita 28, nafasi ya matumbawe matatu tu: nichukue yapi?

Njiro_28 – Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisaidie kuchagua kabla ya Jumamosi.

Tangi langu ni la maji ya chumvi, lita 28, liko sebuleni Njiro, lina miezi minne. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe hayazidi lita 23. Ndani kuna gobi mmoja (kasamaki kadogo ka chini), konokono wanne na kaa mmoja wa wale wanaojibebea gamba la konokono. Ule mwani wa kahawia wa mwanzoni umeshaisha. Kioo kinang'aa, mawe yako matupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo.

Sasa kuna mgeni mmoja hapa Arusha, mkataba wake wa kazi umeisha, anavunja tangi lake kubwa. Kaniambia niende Jumamosi nichague vipande vya matumbawe kwa bei ya kirafiki. Vilivyopo ni zoa (vichwa vidogo kama maua), uyoga mwekundu aina ya Discosoma, nyota za kijani, zenia, pipi yaani Caulastrea, na mwenge wa jamii ya Euphyllia.

Nataka vitatu vitakavyokaa kwa amani, na visivyonilazimisha kupima maji asubuhi na jioni. Mke wangu kaona picha, kashapenda mwenge.

Pasua_Reef – saa 2:31 usiku

Mwenge acha. Mengine tutaongea.

Njiro_28 – saa 2:33 usiku

Mbona umekata shauri haraka hivyo mkuu? Ndio mzuri kuliko vyote.

Pasua_Reef – saa 2:50 usiku

Uzuri siubishii. Mchana unauona umenawiri, unacheza na maji, roho inatulia. Subiri taa zizime. Usiku unatoa minyiri ya kugombea nafasi, myembamba kama uzi wa kushonea, na inaweza kufika sentimita 15. Tangi lako lina urefu gani, sentimita 40? Basi popote utakapouweka utakuwa jirani wa kila mtu.

Mimi niliuweka kwenye lita 40 hapa Moshi, pipi nikaiweka upande wa pili nikajua nimemaliza kazi. Nilichosahau ni kwamba pampu ilikuwa inasukuma maji kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wiki ya pili naamka, vichwa viwili vya pipi vimebaki mifupa mieupe, na ni upande mmoja tu, ule unaotazama mwenge. Mwenge wa mlimani unamulika, huu unachoma. Mpe shemeji pole.

Mama_Zoa – saa 3:05 usiku

Njiro, anza na zoa. Zangu ziliingia na vichwa saba kwenye kigingi, kile kibao kidogo cha kubandikia tumbawe, cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Mwaka na nusu baadaye nilihesabu mpaka themanini nikachoka, na sijawahi kuzilisha kwa mkono hata siku moja. Taa ya wastani, maji yanayotembea polepole, basi.

Zikifumba siku moja usihangaike. Zikifumba siku tatu mfululizo, chukua tochi usiku ukague. Kuna koa wadogo wanaokula zoa na kuvaa rangi yake hiyo hiyo, unaweza kumpita ukidhani ni kichwa kilichofumba. Kwa hiyo kipande kikifika nyumbani kiogeshe kwanza kwenye dawa ya matumbawe, halafu kigeuze uangalie chini ya kigingi. Mayai yao meupe yamejizungusha kama koili ya mbu, utayaona.

Sasa hili nasema kwa herufi kubwa moyoni: zoa, na zaidi ndugu yake palithoa, zinaweza kuwa na sumu iitwayo palitoksini, na ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotokana na viumbe. Kuziangalia hakuna tatizo. Kuzigusa bila glavu ukiwa na mkwaruzo ni tatizo. Kurukiwa na maji machoni wakati wa kukata ni tatizo. Kuchemsha jiwe lenye zoa ili "kulisafisha" ndiyo balaa lenyewe, maana mvuke wake umeshawahi kulaza familia nzima hospitali huko ughaibuni. Jiwe halichemshwi, halimwagiwi maji ya moto, halisuguliwi kwa brashi. Ukikata, kata nje barazani, glavu na miwani, watoto wawe mbali.

Njiro_28 – saa 3:11 usiku

Dada umenitisha. Nina mtoto wa miaka mitatu.

Mama_Zoa – saa 3:15 usiku

Mimi ninao wawili. Tangi lina mfuniko, liko juu ya kabati, na hakuna anayeingiza mkono ila mimi. Mbona jiki tunaweka ndani?

Mzee_wa_Lita – saa 3:40 usiku

Vijana, mnatumia neno "mpole" kama vile lina maana moja. Mwenge si mpole kwa sababu unachoma, hilo kila mtu analiona. Lakini nyota za kijani hazichomi kitu, na bado nilizilaani mwaka mzima.

Nilibandika kipande cha ukubwa wa kifuniko cha soda kwenye jiwe kuu, katikati. Inaota kama zulia la zambarau, na juu yake ndiyo zinachomoza hizo nyota. Miezi minane, jiwe lote limevaa zulia. Likawafunika uyoga, likapanda mpaka kwenye kigingi cha zoa. Nikalitoa jiwe nje, nikaanza kubandua kwa kisu kama unavyobandua ukoko kwenye sufuria. Kinachobaki ndani ya kitundu kidogo tu, wiki mbili kimeota tena. Hakuna aliyechomwa pale. Wamelaliwa tu mpaka wakakosa mwanga.

Kwa hiyo kwenye lita 23 kuna swali muhimu kuliko lile la nani anachoma: nani ataota polepole? Anayechoma unaweza kumsogeza. Aliyeshika jiwe lako lote utamsogezea wapi? Kama unazipenda nyota, zipe jiwe lao peke yake katikati ya mchanga, au zibandike kwenye kioo cha nyuma, zitapendeza kweli. Zenia ni vile vile, labda mbaya zaidi, maana inatembea.

Kuna pia matumbawe laini ya jamii ya ngozi, wanaotema kemikali majini kuwadumaza jirani. Bahati nzuri hawamo kwenye orodha yako.

Gari_la_Tengeru – saa 3:52 usiku

Natetea zenia. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hiyo ambacho mgeni akiingia sebuleni anasimama. Inafumba na kufumbua viganja siku nzima kama mtoto anayejifunza kupunga mkono. Ikizidi, unakata unagawa. Kuna shida gani?

Mzee_wa_Lita – saa 4:02 usiku

Shida utaiona siku itakapoyeyuka. Zenia inaweza kukaa miezi inapendeza, halafu ikaanguka yote ndani ya siku mbili bila sababu ya kuonekana. Kwenye lita 300 utasikia harufu tu. Kwenye lita 23 hiyo ni nyama inayooza ndani ya ndoo. Na safari haiipendi.

Gari_la_Tengeru – saa 4:04 usiku

Yangu haijayeyuka.

Mzee_wa_Lita – saa 4:05 usiku

Tuko pamoja. Tusubiri.

Bint_Pangani – saa 4:20 usiku

Nimecheka. Kwetu pwani tumbawe ni jiwe la kujengea nyumba na kuchomea chokaa, ninyi huku mlimani mnalilalia macho kama mgonjwa.

Kaka Njiro, umefanya vizuri kuchukua vipande vya mtu aliyeviotesha kwenye tangi. Asije mtu hapa akakushauri uende Tanga ukabandue mwenyewe. Tangu 1994 kuna sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwamba wenyewe umeshateswa vya kutosha na baruti. Na kwa wale wanaofikiria kuvusha kipande Namanga ndani ya chupa ya chai: matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Pipi na mwenge ni matumbawe magumu. Muulize huyo mgeni karatasi zake, si dhambi kuuliza.

Njiro_28 – Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Asanteni. Mwenge nimeshautoa kwenye orodha, mke wangu amenuna kidogo. Zoa ndani. Uyoga na pipi hamjavisema. Halafu maji: nikiongezea ya bomba kuna shida?

Kipimo_35 – saa 2:05 asubuhi

Kuna shida mbili, na ya kwanza ni kubwa kuliko suala zima la matumbawe.

Maji yanapokauka, chumvi haikauki nayo. Una lita 23 zenye chumvi gramu 35 kwa kila lita. Umeenda msibani Rombo siku nne, zimekauka lita mbili. Chumvi ile ile sasa iko ndani ya lita 21, maana yake umefika gramu 38. Kwenye tangi kubwa lita mbili ni mate tu. Kwako ni mshituko, na ukirudi ukamimina lita mbili kwa mkupuo unawapa mshituko wa pili. Chora mstari kwa kalamu ya kudumu kwenye kioo, na kila asubuhi ongeza maji yasiyo na chumvi mpaka mstarini. Kikombe kimoja kila siku kinashinda ndoo kila wiki.

Ya pili ni maji yenyewe. Haya ya miteremko ya Meru yanajulikana kwa floridi, ndiyo hiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Ongeza klorini na kila kilichoyeyuka humo, halafu kumbuka kwamba unaongeza kila siku na hakuna kinachotoka. Tumia maji yaliyochujwa kwa RO, yaani mtambo wa utando unaoondoa karibu kila kilichoyeyuka majini. Na kabla hujauliza, mvua ya bati nayo hapana. Bati linatoa zinki, na viumbe hawa hawaivumilii.

Pipi chukua. Minyiri yake ni mifupi, inaota polepole, ukiipa nafasi ya sentimita saba hivi haigombani na mtu. Ni tumbawe gumu, kwa hiyo inakula kalsiamu na alkali, lakini kipande kimoja hakitakufilisi. Badilisha lita tatu kila Jumapili, chumvi ya akwariamu kama gramu 110, na hiyo chumvi mpya inarudisha kilicholiwa. Pima alkali mara moja kwa wiki, ikikaa kwenye 8 au 9 kwa kipimo cha alkali kiitwacho dKH umemaliza. Usiku taa zikizimika inachomoza vidole vidogo, ukipenda mpe kila kichwa kijipande cha uduvi.

Mama_Zoa – saa 2:30 asubuhi

Uyoga nao chukua, uweke chini kwenye kivuli ambako maji yametulia. Gundi haiushiki, una utelezi. Uweke kwenye kibakuli chenye vijiwe, funika na wavu wa kuchujia, uache wiki mbili ushike wenyewe. Usigusane na pipi, maana ukiigusa unaiumiza. Taa ya yule mgeni huenda haina ukali sawa na yako, kwa hiyo anza na mwanga mdogo upandishe taratibu.

Pasua_Reef – saa 2:41 asubuhi

Na nunua pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika usiku wa Julai huko kwenu baridi inaingia, na kwa mwinuko wa mita 1,400 hewa ni nyepesi, oksijeni majini ni kidogo kuliko pwani. Blanketi kwenye kioo, pampu ya betri ndani.

Njiro_28 – Jumapili, saa 12:45 jioni

Mrejesho. Nimechukua zoa vichwa kumi na mbili, pipi ya vichwa vitatu, na uyoga wawili. Karatasi za pipi alikuwa nazo, tena kwenye faili. Mke wangu alikuja, akasimama mbele ya mwenge dakika kumi hivi. Umechukuliwa na jamaa mwenye tangi la lita 400, ametuambia tukautembelee.

Zoa ziliogeshwa, chini ya kigingi hakuna koili. Zimefumbua leo saa nne asubuhi, za kijani katikati, ukingo wa chungwa. Gobi ameshahamia chini ya pipi, amechimba mchanga kama anajenga.

Ila uyoga mmoja sioni. Wavu niliweka, nadhani kaa amepita hapo. Nimezima pampu, natafuta na tochi.

Pasua_Reef – saa 12:52 jioni

Angalia nyuma ya hita.

Njiro_28 – saa 1:03 usiku

Uko nyuma ya hita.