Jirani amenishtaki mara ya tatu kwa ploti ileile, nifanyeje?

Fundi wa Kilifi:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilifi. Mwaka 2019 jirani alinishtaki akisema ploti yangu ni yake. Mashahidi wakasikizwa, akashindwa. Mwaka 2022 akafungua kesi nyingine Malindi. Nilikwenda mara sita, yeye alikuja siku ya kwanza tu, mwisho ikafutwa. Jumatatu hii nimeletewa samansi tena, nimeshika mkasi nakata sare za shule. Safari hii mlalamishi ni mwanawe, lakini nambari ya ploti ni ileile.

Kila siku ya kesi nafunga duka tangu alfajiri. Mteja akikuta mlango umefungwa mara mbili, ya tatu haji. Juzi jirani alipita akaniambia, "Utachoka wewe kabla yangu." Huyu hatafuti ploti, anataka kunimaliza. Nikiipuuza hii samansi itakuwaje?

Karani Mstaafu:
Pole sana, mama. Usiipuuze hata kidogo. Usipojibu ndani ya siku zilizoandikwa, anaweza kupewa hukumu wewe hupo. Tafuta nakala ya hukumu ya kesi ya kwanza yenye muhuri; hiyo ndiyo itakayokutoa. Ile ya Malindi haina uzito huo, maana ilifutwa bila ushahidi kusikizwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai, Sura ya 21, kinazuia jambo lililokwisha kuamuliwa lisirudiwe, na kinawashika hata wanaodai kupitia mtu yuleyule. Kama kijana anadai kwa haki ya babake, jina jipya halimsaidii. Weka pingamizi mapema.

Mwana wa Mtwapa:
Na Sura ya 41, mzee? Si ndiyo sheria ya hawa wasumbufu wa kesi?

Karani Mstaafu:
Ndiyo, lakini mama hawezi kuipeleka mwenyewe. Mwanasheria Mkuu ndiye anayeiomba Mahakama Kuu imzuie mtu kufungua kesi bila idhini. Kwanza hii ya sasa. Mama, kesi ya kwanza ulipewa gharama?

Fundi wa Kilifi:
Nilipewa, sikuzidai. Nilimwonea haya, tumezikiana wafu. Hukumu nimeitoa sandukuni sasa hivi, mende wameila pembeni lakini muhuri unasomeka. Kesho duka halifunguliwi, naenda kortini na karatasi hii.