Masta ya usalama wa mtandao: darasani, onlaini, au vyeti tu?

Nyuki_Mweusi
Wakuu habari zenu. Nina digrii ya IT na miaka minne kazini upande wa netiweki, swichi, ruta na fayawoli ndo maisha yangu. Nataka kwenda mbele kwenye usalama wa mtandao na nimebakiwa na njia tatu: niache kazi nikasome masta ya mwaka mmoja Uingereza, nisome onlaini huku nafanya kazi, au niachane na masta nikimbize vyeti kama OSCP na CISSP. Usiku naamua hivi asubuhi naamka nimebadili. Mliopita huko nisaidieni.

fundi_seva
Mkuu hata hivyo vyeti viwili havifanani. OSCP ni vitendo, unapewa saa 23 na dakika 45 udukue kompyuta za mtihani, alafu saa 24 za kuandika ripoti, ukipita hapo mwajiri anajua mikono yako inaweza nini. CISSP imekaa kiusimamizi zaidi, wanataka miaka 5 ya kazi kwenye angalau maeneo mawili kati ya 8 ya usalama, na digrii inayohusika inakupunguzia mwaka mmoja. Kwahiyo miaka yako minne inaweza kutosha kabisa, ila uonyeshe ulikuwa unafanya kazi ya usalama kweli, sio kuvuta nyaya. Mi ningeanza hapo, masta ije baadae.

mama_logi
Nakubali nusu. Cheti kinakupa mkono, masta nzuri inakupa sababu ya kile mkono unachofanya. Angalia Log4Shell, lile tundu la Desemba 2021 kwenye maktaba ya Log4j, wote tulikimbilia kusasisha, lakini aliyesoma usalama wa programu vizuri aliona tatizo lenyewe: maktaba ya kuandika logi ilikuwa inapokea maandishi kutoka kwa mtu yeyote huko nje na kuyachukulia kama maelekezo, inaenda hadi seva ya mbali kuleta kodi na kuiendesha. Ukishaelewa hivyo unaanza kuitafuta shida hiyohiyo kwenye mifumo mingine ambayo hakuna aliyeitangaza. Hicho ndo unacholipia.

Sasa, Nyuki, usisome jina la digrii, soma orodha ya masomo. Zipo masta zinaitwa za usalama wa mtandao ila ukifungua ndani ni sera, kiwango cha usalama cha ISO 27001 na usimamizi wa hatari mwanzo mwisho, hamna kriptografia (elimu ya kuficha ujumbe) wala maabara. Kwa anayetaka ukaguzi ni sawa kabisa, ila wewe ukitaka kuchambua virusi utakuwa umepotea njia. Pakua CyBOK, mwongozo wa maarifa ya usalama wa mtandao, ni bure, toleo la 2021 lina maeneo 21 ya maarifa, liweke pembeni ya masomo ya chuo uone wapi patupu.

Kivuli7
Mimi nilisoma onlaini, miaka mitatu, wikiendi karibu zote ziliisha hapo. Faida yake kubwa ni kwamba darasa na kazi vinalishana, nasoma kugundua wavamizi kwenye netiweki jumapili, jumatatu niko mbele ya logi za kweli naona kile mwalimu alichosema. Kilichoniumiza ni tasnifu, msimamizi anajibu imeili baada ya wiki tatu na huna mlango wa kugonga. Muulize chuo kabla hujalipa nani atakusimamia na mnakutana mara ngapi. Kwa bei, chuo cha Georgia Tech cha Marekani wana ya onlaini tangu 2019, ilipoanza digrii nzima ilitangazwa chini ya dola 10,000, unachagua kati ya usalama wa habari, sera, au mifumo inayounganisha kompyuta na mitambo.

tausi_wa_pwani
Ya darasani Uingereza mkuu jua kwamba mwaka mmoja unakimbia sana. Ni krediti 180 na 60 kati yake ni tasnifu, kwahiyo masomo yote yanabanwa kwenye miezi michache na ukifika hujui lugha ya programu ya C wala memori ya kompyuta inavyopangwa hakuna atakayekusubiri, niliona wenzangu wenye akili kabisa wakiteseka kwa hilo tu. Chuo cha Royal Holloway wanafundisha masta ya usalama wa habari tangu 1992, na zipo nyingine zilizoidhinishwa na NCSC, kituo cha serikali ya Uingereza cha usalama wa mtandao, anzia kwenye orodha hiyo. Ukitaka nafasi ya kupumua angalia za miaka miwili, Estonia kwa mfano.

Nyuki_Mweusi
Asanteni sana, naelekea kwenye onlaini. Kinachonitisha ni hesabu za kriptografia, nimeziacha zamani.

mama_logi
Usiogope kaka, kwa kuanzia inatosha hesabu ya mabaki, ile ya saa ya ukutani, 10 ukiongeza 5 unapata 3. Jaribu RSA ndogo leo kwa karatasi, ile njia ya kufunga ujumbe kwa funguo mbili: chukua 61 na 53, zidisha upate 3233. Kisha punguza moja kwa kila namba, 60 mara 52 ni 3120. Funguo ya wazi, ya kufungia, iwe 17, ya siri, ya kufungulia, 2753. Niambie kwanini ni 2753 na sio namba nyingine.

Nyuki_Mweusi
Imenichukua saa nzima ila nimeiona! 17 mara 2753 ni 46801, ukigawa kwa 3120 inabaki 1, kwahiyo funguo moja inafuta kazi ya mwenzake. Kesho naleta orodha ya masomo ya vyuo viwili mnitazamie.