Tundu la moyo la binti yangu kuzibwa kwa kifaa kinachopitishwa pajani: naomba kueleweshwa

Muulizaji (mama, Morogoro)

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 5 na uzito wa kilo 16. Tangu akiwa mchanga amekuwa akiugua kifua mara kwa mara, na kwa muda wa miaka miwili kituo tulichokuwa tukimpeleka kilituambia kwamba ni pumu, mpaka daktari mmoja alipomsikiliza kwa makini, akasikia mlio usio wa kawaida na kutuandikia rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kipimo cha ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha tundu la milimita 12 kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Tumeelezwa kwamba huenda likazibwa bila kufungua kifua, kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Nilipokuwa pale nilitikisa kichwa tu, maswali yakanijia nikiwa ndani ya basi. Je, kitu cha chuma kikiwekwa katika moyo wa mtoto anayekua, kitaendelea kutosha moyo ukishakuwa mkubwa? Je, hakiwezi kuchomoka? Na mama mkwe wangu anasema tusubiri kwa sababu matundu haya hujiziba yenyewe. Naombeni msaada wenu.

Jibu la kwanza (muuguzi, wodi ya watoto wenye maradhi ya moyo)

Pole sana mama. Nianze na neno la bibi, kwa sababu hajakosea kabisa: matundu madogo, hasa yasiyofikia milimita 5, mara nyingi hujiziba katika miaka ya mwanzo. Tundu la milimita 12 kwa mtoto wa miaka 5 ni jambo jingine. Kila moyo unapodunda, sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa hurudi upande wa kulia na kupelekwa tena kwenye mapafu, kwa hiyo upande huo hubeba mzigo usio wake na kutanuka. Hali hiyo ikiachwa kwa miaka mingi, shinikizo katika mishipa ya mapafu linaweza kupanda hadi ikafika siku kuliziba tundu kukawa na madhara kuliko kuliacha.

Kifaa chenyewe kimesukwa kwa nyuzi za nitinoli, yaani mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yenye tabia ya kukumbuka umbo lake. Kikivutwa ndani ya mrija kinanyooka kama kamba nyembamba, na kikitokeza kinajikunjua na kuwa sahani mbili zilizounganishwa na kiuno kifupi. Mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, daktari hutoboa mshipa kwenye kinena, hupitisha mrija hadi upande wa kulia wa moyo, huvuka tunduni kwenda kushoto na kufungua sahani ya kwanza huko. Akishaivuta mpaka iegemee ukuta, hufungua ya pili upande wa kulia, na ukuta unabaki umebanwa katikati kama kitambaa kati ya pande mbili za kishikizo. Wazo hili si la jana: tundu la aina hii lilizibwa kwa njia ya mshipa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1975, ingawa vifaa vya wakati ule vilikuwa vizito, na kifaa cha nitinoli kilichoeneza tiba hii kiliidhinishwa huko mwaka 2001.

Kifaa hakikui, wala hakihitaji kukua. Katika miezi 3 hadi 6 utando wa moyo wenyewe hukifunika, na ukuta unaokizunguka huendelea kukua pamoja na mtoto. Kuchomoka kunatokea mara chache, na kukitokea mara nyingi ni katika saa au siku za mwanzo; ndiyo maana hamtaruhusiwa kuondoka kabla ya kurudiwa kipimo. Mara chache zaidi kifaa husugua na kutoboa ukuta wa moyo, hata baada ya miaka, kwa hiyo mtoto akilalamika maumivu ya kifua au akizimia, mwahisheni hospitali bila kungoja siku ya kliniki.

Swali ambalo hukuliuliza, nami ningeliweka mbele ya yote, ni kuhusu kingo za tundu. Sahani hizi zinahitaji ukuta wa kushika pande zote, kiasi cha milimita 5 hivi. Milimita 12 si kikwazo, lakini tundu dogo lisilo na ukingo upande mmoja linaweza kushindikana pale ambapo kubwa lenye kingo nzuri linazibika vyema.

Jibu la pili (baba, Mwanza)

Dada yangu, hayo ya kingo yalinikuta. Mwanangu alipoingizwa chumba cha katheta, yaani cha kupitishia mrija huo, nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa nimeshika ndala zake, nimeambiwa itachukua saa moja, ikafika ya tatu. Daktari alipotoka alinieleza kwamba ukingo wa chini ulikuwa mwembamba kuliko ECHO ya kifuani ilivyoonyesha, wamejaribu kifaa mara mbili, na kila wakikivuta kidogo kinateleza. Kifaa hubaki kimefungwa kwa skrubu kwenye waya mpaka daktari aridhike, kwa hiyo walikirudisha ndani ya mrija na kukitoa. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa kifua, na leo anacheza mpira.

Ninakuandikia haya ili ukiambiwa imeshindikana usidhani mtoto ameharibiwa, kama nilivyodhani mimi hata nikamfokea daktari wa watu. Waulize mapema kama watatumia ECHO inayopitishwa kwenye koo, maana inaziona kingo vizuri zaidi, na mpango wa upasuaji uwe umezungumzwa kabla ya siku yenyewe.

Muulizaji

Kaka, dada, Mungu awabariki. Nimeyaandika yote kwenye daftari lake la kliniki. Nina moja limenishtua katika maelezo: nikeli. Alipotobolewa masikio, hereni za kwanza zilimtoa vipele na maji, na hayakupona mpaka tulipomwekea za dhahabu. Je, lina uhusiano?

Jibu la kwanza (muuguzi)

Linaweza kuwa na uhusiano, mama, kwa sababu hereni nyingi za bei nafuu zina nikeli. Si lazima limzuie, lakini madaktari wanapaswa kulijua kabla ya kuchagua kifaa, na wanaweza kutaka ngozi yake ipimwe kwanza. Piga simu kliniki wiki hii, usingoje siku ya kulazwa. Ukiwa kwenye simu, eleza pia kama ana jino bovu litakalohitaji kung'olewa, ili ling'olewe sasa, kwa sababu katika miezi 6 baada ya kifaa kuwekwa atahitaji dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya kung'oa jino lolote, na katika kipindi hicho atakuwa anatumia aspirini kila siku kwa kipimo atakachopangiwa.