Tupeane uzoefu: nani ameng'arisha meno akiwa na jino la kupandikiza?

MamaShela
Assalaam aleikum jamani. Nina jino moja la kupandikiza, la mbele juu, lile la skrubu ndani ya mfupa. Harusi ya mdogo wangu imekaribia na meno yameshika rangi ya kahawa. Nikiyang'arisha, na hilo litakuwa jeupe? Waliopitia waseme, wa kubahatisha wakae kando.

BinMkomani
Waaleikum salaam dada. Halibadiliki. Peroksaidi, ile dawa ya kung'arisha, huingia ndani ya jino la asili na kuvunja rangi iliyomo. Jino la kupandikiza juu ni kauri, kama ya vikombe, na kauri haiingii kitu. Nilivaa trei, kile kibao laini cha kuvalia meno, usiku na jeli ya kabamaidi asilimia 10, inayotoa hiyo peroksaidi. Meno ya pembeni yakapanda weupe, langu la kauri likabaki rangi ya chai ya maziwa. Picha za barazani zote ninafunga mdomo.

Kibibi wa Maweni
Ndiyo maana daktari wangu hapa Malindi alikataa kunivisha krauni, hilo jino la kauri linalovishwa juu ya skrubu, mwanzo. Ng'arisha kwanza, akasema, halafu tungoje kama wiki mbili, maana dawa ikiachwa rangi hurudi nyuma kidogo. Siku ya kupima alinifuta rangi ya mdomo, kwani wekundu hulidanganya jicho, akanisogeza dirishani na kile kibao cha vimeno vya mfano, vya rangi A1 hadi D4, akavilinganisha kimoja kimoja na jino la jirani. Tena haraka haraka, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Sasa hata mume wangu hajui lipi ni lipi.

Mzee wa Langoni
Msichanganye weupe na madoa. Doa la tambuu lililokaa juu ya kauri, daktari hulisugua likatoka. Lakini mkaa wa unga, hapana! Mke wangu alilisugua lake mpaka mng'ao ukaisha, na sasa tambuu inashika kuliko zamani. Tambuu yenyewe haachi, hayo ni mengine.

MamaShela
Shukrani mzee. Na hiyo dawa haili skrubu?

BinMkomani
Skrubu ni titani, imezikwa mfupani, jeli ya trei haifiki huko. Fizi ndizo zinazowasha jeli ikifurika. Tia kidogo.

Kibibi wa Maweni
Kwa kuwa lako limeshavishwa, muulize daktari kama krauni imefungwa kwa skrubu yake ndogo au kwa gundi. Ya skrubu ndogo hufunguliwa krauni peke yake, ile skrubu ya mfupani haiguswi, ukatengenezewa nyingine ya rangi mpya. Jitayarishe mfuko lakini.

MamaShela
Basi kwa harusi natolewa ukoga na madoa tu. Trei na krauni mpya baadaye, kwa mpango huo.

Kibibi wa Maweni
Vizuri. Ukifika umwambie anayekusafisha kwamba lipo la kupandikiza, asilikwaruze kwa vyuma vya kawaida. Vipo vya plastiki vya kazi hiyo.