Kigoma hadi Tabora kwa ndege ni muda gani? Naomba ushauri wa haraka

MtotoWaUjiji: Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo mzee wangu anasafiri kutoka Kigoma kwenda Tabora. Ni kilomita ngapi kwa ndege, na angani atakaa muda gani? Na uwanja uko mbali na mjini? Nina wasiwasi.

ChumviYaUvinza: Ukinyoosha mstari ni kama kilomita 350. Ndege ya mapangaboi haimalizi saa moja. Reli inazunguka kidogo, inavuka 400. Ila soma tiketi vizuri. Kama inakupitisha Dar, utaruka karibu kilomita 1,080, halafu 730 nyingine kurudi Tabora. Unavuka nchi nzima kwenda mkoa wa jirani!

BiMkubwa: Treni ndiyo safari. Mwaka nilioolewa tulipanda Tabora usiku, Kaliua tukanunua asali, Uvinza chumvi, mara ziwa hili hapa. Mpandishe mzee treni apunge upepo.

MtotoWaUjiji: Shikamoo mama. Treni hawezi. Tiketi nimeshakata, ya kupitia Dar. Nimeuliza muda tu.

NesiMstaafu: Hawezi kwa nini? Anaumwa nini?

MtotoWaUjiji: Ana miaka 71. Ni kifua tu.

NesiMstaafu: Kifua tu kivipi? Anapumua mwenyewe?

MtotoWaUjiji: Mchana ndiyo. Usiku anawekewa mashine ya oksijeni. Lakini akitulia yuko vizuri, na ndani ya ndege si anakaa tu? Mtungi mdogo utakuwa kwenye begi.

NesiMstaafu: Mwanangu, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, inaweza kufika sawa na mita 2,400. Kigoma mko kama mita 800. Mzima hahisi kitu, mwenye mapafu mabovu anaweza kuishiwa pumzi. Na kwa Dar, atapanda na kushuka mara mbili. Mtungi wa begini watauzuia. Oksijeni inaombewa kibali kwa shirika mapema, na daktari anajaza fomu.

MtotoWaUjiji: Nimekuelewa, ila mzee mwenyewe ameng'ang'ania. Kaka yake yuko Isevya, hapo Tabora, miguu imekataa. Miaka 9 hawajaonana.

ChumviYaUvinza: Miaka 9 yote mlikuwa wapi? Wazazi wanatembezwa wakiwa na nguvu, jamani.

KijanaWaMwanga: Hii ni hadithi ya kutunga. Mtu wa Ujiji gani haujui uwanja wa Kigoma? Mimi nasikia ndege nikiwa jikoni. Mods, fungeni uzi.

MtotoWaUjiji: Nilizaliwa Ujiji, ila mwaka wa 14 huu naishi Mbeya. Mzee yuko kwa dada yangu, wamehamia Kigoma mjini. Nikipiga simu usiku, mashine naisikia kuliko sauti yake. Dada anataka tughairi, na mimi nilishamwahidi mzee. Ndiyo maana nimekuja hapa.

KijanaWaMwanga: Nisamehe mkuu. Uwanja si mbali, bajaji inatosha.

NesiMstaafu: Kesho dada ampeleke kliniki. Wampime oksijeni akiwa amekaa, kisha akiwa ametembea, na wamuulize daktari waziwazi habari ya ndege. Wewe piga simu shirika, uliza kusogeza tarehe.

BiMkubwa: Na huyo wa Isevya mpigieni simu ya picha leo leo. Msingoje safari.

MtotoWaUjiji: Asanteni. Dada anampeleka saa mbili asubuhi. Tiketi sijaighairi. Mzee hajaambiwa chochote, na kanzu ya safari imeshapigwa pasi.